Umeme wa kutuliza maumivu sugu: Yampasayo mgonjwa wa Free Area kuyajua kabla ya kuuza shamba

MTU anayeteremka matatu katika mtaa wa Free Area, upande wa mashariki wa jiji la Nakuru kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, haendi mbali kabla ya kuziona sababu za mgongo wa binadamu kuuma. Mhudumu wa bodaboda hushinda juu ya pikipiki tangu alfajiri hadi usiku. Fundi wa mawe huinama kutwa nzima. Mpakiaji wa viazi vya Molo na Kuresoi hubeba magunia yaliyoongezwa shingo kwa nyavu, yale maarufu kama lumbesa, ambayo uzani wake hupita mbali kilo 50 zilizowekwa na kanuni za viazi za mwaka 2019. Kanuni hizo zimetekelezwa kwa kusuasua, na gharama ya kusuasua huko hulipwa kwa migongo ya watu.

Wengi wa wanaoumia hivyo hupata nafuu baada ya siku au majuma machache. Wapo hata hivyo wasiopona. Jeraha hufunga, mfupa huunga, daktari akatazama picha na kusema kila kitu ki shwari, ilhali mguu unaendelea kuwaka moto kana kwamba umetiwa pilipili. Mwingine amepasuliwa mgongo mara moja au mbili na maumivu yakarudi vilevile. Mwingine ana kisukari cha miaka mingi, na kila usiku nyayo zake humchoma hata hawezi kuvumilia shuka.

Ni kwa wagonjwa wa aina hii ambapo madaktari wa nchi tajiri wamekuwa wakitumia kifaa kinachopandikizwa mwilini na kupeleka umeme hafifu kwenye uti wa mgongo. Kimeboreshwa sana tangu mwaka 2015, na habari zake hufika Kenya kupitia jamaa walio ng'ambo, mawakala wa safari za matibabu na matangazo ya mtandaoni. Familia inayotaka kuuza shamba au kuitisha harambee ili mgonjwa apelekwe India au Ulaya inastahili kujua kifaa hicho kinafanya nini, kinamfaa nani, na kwa nini watafiti wenyewe hawajakubaliana kukihusu.

Maumivu yanapogeuka ugonjwa

Kwa kawaida maumivu ni mlinzi. Humwambia mtu aondoe mkono motoni. Wataalamu huyaita sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3, na katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika Januari 2022, maumivu sugu yamepewa nafasi yake kama hali inayoweza kusimama peke yake, si dalili ya ugonjwa mwingine tu. Hilo si jambo dogo. Kwa miaka mingi mgonjwa ambaye picha zake hazikuonyesha kasoro alidhaniwa kuwa mvivu au mtu anayetafuta fidia.

Yafaa kutofautisha aina mbili. Ya kwanza hutokana na misuli, mishipi ya viungo na mifupa. Haya ndiyo maumivu ya kiuno yanayowapata watu wengi zaidi; WHO ilikadiria kuwa watu milioni 619 duniani walikuwa nayo mwaka 2020. Ya pili hutokana na neva zenyewe kuharibika. Hapo mgonjwa hueleza moto, sindano, shoti ya umeme, au ganzi iliyochanganyika na uchungu. Kisukari huweza kuyaleta, vilevile mkanda wa jeshi, jeraha la neva na upasuaji wa mgongo usiofaulu. Hata virusi vya Ukimwi huharibu neva, na dawa ya stavudine iliyotumiwa sana Afrika Mashariki miaka ya 2000 iliwaachia wengi miguu inayochoma, hadi WHO iliposhauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa mjadala mzima wa kifaa cha umeme. Kiliundwa kwa ajili ya maumivu ya neva. Anayekinunua kwa sababu ya kiuno kilichochoshwa na magunia huenda akawa ananunua kitu kisichomhusu.

Kutoka samaki hadi betri

Wazo la kutuliza maumivu kwa umeme ni la kale kuliko umeme wa waya. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliandika kuhusu samaki wa jamii ya taa mwenye kutoa mshtuko, ambaye aliwekwa kichwani pa mwenye kuumwa kichwa au chini ya mguu wa mwenye jongo mpaka sehemu hiyo ife ganzi. Wavuvi wanaomfahamu samaki wa aina hiyo hawatashangaa.

Maelezo ya kisayansi yalichelewa hadi mwaka 1965, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walipochapisha katika jarida la Science nadharia iliyokuja kujulikana kama nadharia ya mlango. Kwa mujibu wao, ndani ya uti wa mgongo pana kitu mfano wa mlango. Taarifa za maumivu hupita hapo zikielekea kwenye ubongo kupitia neva nyembamba. Taarifa za kuguswa na kusuguliwa hupita katika neva nene, na zinapokuwa nyingi huufunga mlango kwa kiasi fulani. Mama ambaye mwanawe amejikwaa huusugua mguu huo mara moja bila kufundishwa na yeyote, na mtoto hunyamaza. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, ila ndiyo iliyofungua njia.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, daktari wa upasuaji wa neva Norman Shealy wa Marekani alipandikiza elektrodi kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa wa saratani ya mapafu, akisaidiwa na mhandisi kijana Thomas Mortimer. Maumivu yalipungua. Mgonjwa huyo, aliyekuwa hoi tayari, hakuishi muda mrefu, lakini wazo liliishi. Vifaa vya mwanzo vilihitaji mashine nje ya mwili. Vya baadaye vilifuata teknolojia ya vifaa vya kuratibu mapigo ya moyo, betri ikaingizwa chini ya ngozi, na mwaka 1989 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, iliidhinisha tiba hiyo kwa maumivu sugu ya kiwiliwili na ya mikono na miguu.

Jinsi kinavyowekwa

Ndani ya pingili za mgongo mna ugwe wa neva, mnene takriban kama kidole cha mwisho cha mkono, unaounganisha ubongo na mwili. Daktari hutia ganzi kwenye ngozi ya mgongo, akaingiza sindano huku akitazama picha ya eksirei, na kupitia sindano hiyo akapitisha waya mwembamba wenye elektrodi kadhaa. Waya huo hulazwa katika nafasi iliyo nje ya utando unaoufunika ugwe. Ugwe wenyewe haukatwi wala kutobolewa.

Kisha huja sehemu ambayo matangazo hayaielezi vya kutosha, nayo ni majaribio. Kwa siku kadhaa, aghalabu karibu juma moja, waya huunganishwa na kifaa kilicho nje ya mwili na mgonjwa hurudi nyumbani. Anatembea, analala, anafanya kazi nyepesi, na kuandika kiwango cha maumivu. Yakipungua kwa nusu au zaidi, huendelea na upandikizaji kamili. Yasipopungua, waya huondolewa na mambo yakaishia hapo. Hospitali inayotaka kupandikiza kifaa cha kudumu moja kwa moja bila hatua hiyo ni ya kutiliwa shaka, na mwaka 2020 FDA iliwakumbusha madaktari wasiiruke.

Katika upandikizaji kamili, betri huwekwa chini ya ngozi, kwa kawaida juu ya tako au ubavuni. Mgonjwa hupewa kidhibiti cha mkononi cha kuongeza au kupunguza nguvu. Zipo betri zisizochajiwa, ambazo hudumu miaka michache kabla ya upasuaji mwingine wa kuzibadilisha, na zipo zinazochajiwa kupitia ngozini ambazo zinaweza kufikisha miaka 10 au kupita.

Yaliyobadilika

Kwa miongo mingi kifaa kilipeleka mipigo ya umeme kati ya 40 na 100 hivi kwa sekunde. Mgonjwa alihisi mtekenyo mahali pa maumivu, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi na sasa unaanza kuamka. Baadhi waliupenda, wengine waliuchukia, hasa pale ulipobadilika ghafla wakiinama au kukohoa.

Uzito wa kisayansi wa mtindo huo ulitokana zaidi na utafiti ulioongozwa na Krishna Kumar wa Kanada na kuchapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 100 waliokuwa na maumivu ya neva baada ya upasuaji wa mgongo waligawanywa katika makundi mawili. Baada ya miezi 6, asilimia 48 ya waliopewa kifaa walikuwa na nafuu ya nusu au zaidi ya maumivu ya mguu, dhidi ya asilimia 9 ya waliopewa matibabu ya kawaida. Oktoba 2008, taasisi ya NICE inayoishauri huduma ya afya ya Uingereza ilikubali tiba hiyo kwa watu wazima wenye maumivu ya neva yaliyofikia angalau 50 kwa kipimo cha 100, kwa muda usiopungua miezi 6 licha ya matibabu mengine, na ambao majaribio ya siku chache yamewafaa. Masharti hayo yanafaa kukaririwa na kila anayekifikiria kifaa hiki.

Mei 2015 FDA iliidhinisha mtindo wa kasi kubwa, mipigo 10,000 kwa sekunde, ambao mgonjwa hausikii kabisa. Hana mtekenyo, ana nafuu tu, ikiwa imepatikana. Mwaka 2016 ukaja mtindo wa mipigo ya mafungu, unaoiga namna seli za neva zenyewe zinavyofyatua ujumbe. Mwaka huohuo iliidhinishwa njia ya kuweka elektrodi kwenye kifundo cha neva kilicho pembeni mwa ugwe, ili kulenga sehemu ndogo kama unyayo au kinena. Hii imewasaidia baadhi ya watu ambao mkono au mguu uliendelea kuuma, kuvimba na kubadilika rangi muda mrefu baada ya jeraha kupona.

Hatua ya kuvutia zaidi kihandisi ni kifaa kinachosikiliza. Baada ya kila mpigo hupima jinsi neva zilivyoitikia, kisha hurekebisha mpigo unaofuata, hivyo mtu akikohoa au kuinama nguvu haipandi ghafla. Katika utafiti wa wagonjwa 134 uliochapishwa mwaka 2020, asilimia 82 ya waliotumia kifaa hicho walipata nafuu ya nusu au zaidi baada ya miezi 3, ikilinganishwa na asilimia 60 ya waliotumia kifaa kisichojirekebisha. FDA ilikiidhinisha mwaka 2022.

Lakini kwa msomaji wa Nakuru huenda habari kubwa zaidi ni ya kisukari. Mwaka 1996, jarida la Lancet lilichapisha utafiti mdogo uliofanyiwa Liverpool, jina la kwanza katika orodha ya waandishi likiwa la Kihabeshi, Solomon Tesfaye, ambaye baadaye alipata umaarufu Sheffield kama bingwa wa magonjwa ya neva ya kisukari. Wagonjwa walikuwa 10 tu, wote wakiwa wameshindwa na dawa. Wanane walipata nafuu ya kutosha wakapandikiziwa kifaa. Baadaye wazo hilo lilipimwa kwa wagonjwa wengi zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani waliripoti kuhusu wagonjwa 216 wa kisukari. Kati ya waliopewa kifaa cha kasi kubwa pamoja na dawa, asilimia 79 walipata nafuu ya nusu au zaidi baada ya miezi 3 bila neva zao kuzorota, dhidi ya asilimia 5 ya waliopewa dawa pekee. Julai mwaka huo FDA iliidhinisha matumizi hayo.

Wanaotilia shaka

Tarakimu hizo zinapendeza mno, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Katika tafiti nyingi kati ya hizo mgonjwa alijua amepewa kifaa. Mtu aliyefanyiwa upasuaji, akawekewa mtambo wa thamani kubwa na kuhudumiwa kwa karibu, huwa na sababu ya kutarajia nafuu, na matarajio hupunguza maumivu kwelikweli. Vilevile, tafiti kubwa kadhaa ziligharimiwa na makampuni yanayotengeneza vifaa hivyo.

Mwaka 2022, watafiti wa Trondheim nchini Norway walichapisha katika jarida la Wamarekani la JAMA jaribio la namna nyingine. Wagonjwa 50 waliokuwa na maumivu ya mguu baada ya upasuaji wa mgongo walipandikiziwa kifaa cha mipigo ya mafungu. Kwa vipindi vya miezi 3 kiliwashwa, na kwa vipindi vingine kikazimwa, mgonjwa asijue. Kwa kipimo cha ulemavu unaotokana na mgongo, hakukuonekana tofauti ya maana kati ya vipindi vya umeme na vipindi bila umeme. Hali zilikuwa nafuu kidogo katika vyote viwili. Watetezi wa kifaa walijibu kwamba mipangilio ya umeme iliyotumiwa haikuwa ile ya kawaida. Huenda wana hoja, ingawa jibu hilo lingekuwa na nguvu zaidi lau wao wenyewe wangekuwa wamefanya majaribio mengi ya aina hiyo mapema.

Mwaka uliofuata, mapitio ya mtandao wa Cochrane yaliyofanywa na watafiti wa Australia yalikusanya tafiti 13 zenye washiriki 699 kuhusu maumivu ya kiuno. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ushahidi uliopo hauungi mkono kutumia kifaa hicho kwa maumivu ya kiuno nje ya utafiti, kwa kuwa huenda hakina faida kuliko kifaa bandia na kina madhara yanayohitaji upasuaji mwingine.

Madhara hayo si ya kufikirika. Waya huhama mahali pake, hukatika, au bakteria huingia kwenye jeraha. Katika utafiti wa Kumar uliotajwa juu, asilimia 32 ya waliopandikiziwa walipata matatizo yanayohusiana na kifaa katika mwaka wa kwanza. FDA ilihesabu ripoti 107,728 zilizopelekwa kwake kuhusu vifaa hivyo kati ya Julai 2016 na Julai 2020, zikiwemo 497 zilizohusishwa na vifo. Ripoti kama hizo hazithibitishi kwamba kifaa ndicho kilichoua, bali zinaonyesha kwamba hiki si kitu cha kuwekwa na kusahauliwa.

Kwa muhtasari wa ushahidi ulivyo leo, hoja ya kifaa ina nguvu zaidi kwa maumivu ya neva ya mguu au mkono, pamoja na ya kisukari, kwa mgonjwa aliyekwisha kujaribu njia nyingine. Kwa kiuno kinachouma pasipo neva kudhurika, hoja hiyo ni dhaifu.

Umbali kati ya Free Area na kifaa

Nakuru iko takriban kilomita 160 kutoka Nairobi, na wapasuaji wa neva pamoja na wataalamu wa maumivu nchini Kenya wamejikita zaidi katika jiji hilo kuu. Kifaa cha kusisimua uti wa mgongo si huduma ya kila siku katika hospitali za umma. Ng'ambo, gharama ya kifaa na upasuaji hufika makumi ya maelfu ya dola.

Bei si nauli na upasuaji pekee. Kifaa hurekebishwa mara kwa mara kwa kompyuta maalumu, hasa mwaka wa kwanza, na anayerekebisha lazima awe na programu ya kampuni iliyokitengeneza. Mgonjwa aliyepandikiziwa Chennai au London kisha akarejea Free Area huenda asimpate mtu wa kumhudumia karibu. Waya ukihama, atalazimika kusafiri tena. Akihitaji picha ya MRI siku za usoni, atapaswa kuthibitisha kwanza kwamba kifaa chake kinaruhusu, kwani vya zamani haviruhusu. Harambee ya kwanza huwa rahisi kuitisha, ya tatu haina wa kuja.

Ndiposa swali la maana zaidi kwa wengi ni yapi yanayopatikana kabla ya kufika huko. Hapa, kwa bahati nzuri, mambo si haba.

La kwanza ni kutambuliwa kwa ugonjwa wenyewe. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kutokwa na jasho usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibika kwa dawa na ambacho kikicheleweshwa hupooza miguu. Mgonjwa aliyewahi kuwa na saratani asidharau maumivu mapya ya mgongo. Na yeyote anayeshindwa ghafla kuzuia mkojo au choo, anayepata ganzi sehemu za siri na mapajani, au ambaye miguu yake inazidi kulegea, anapaswa kufika hospitalini siku hiyohiyo. Hospitali ya Rufaa ya Nakuru, ambayo wakazi wa umri mkubwa wangali wanaiita PGH, haiko mbali na Free Area. Katika hali kama hizo saa chache huamua iwapo mtu atatembea tena.

Kwa kiuno cha kawaida, mwongozo uliotolewa na WHO Desemba 2023 ulipendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi ya mpangilio, baadhi ya tiba za mikono kama ukandaji, ushauri wa kisaikolojia, na dawa za kupunguza uvimbe. Mwongozo huohuo haukupendekeza mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo, wala dawa za jamii ya afyuni kwa tatizo hilo. Wauzaji wa mikanda ya "sumaku" na vitanda vya kutetemeka wanaozunguka mitaani wangefaa kuusoma. Hata dawa za kupunguza uvimbe zina mipaka: diklofenaki inayonunuliwa dukani bila cheti mwezi baada ya mwezi huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu.

Kwa maumivu ya neva, dawa hizo za dukani hazisaidii sana. Zinazosaidia ni za aina nyingine, na mojawapo ni ya zamani na ya bei nafuu: amitriptilini, iliyobuniwa kwa ajili ya msongo wa mawazo na imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa dawa za jamii yake, mgonjwa mmoja kati ya takriban 4 hupata nafuu kubwa inayotokana na dawa yenyewe. Kwa pregabalini, ambayo ni ghali zaidi, ni mmoja kati ya takriban 8. Tesfaye yuleyule wa Sheffield aliongoza utafiti wa mwaka 2022 uliolinganisha amitriptilini, duloksetini na pregabalini kwa wagonjwa 130 wa kisukari, na zote tatu zikatuliza maumivu kwa kiwango kinachokaribiana. Maana yake ni kwamba mgonjwa asiyemudu dawa ya bei kubwa hajanyimwa tiba ya maana. Hata hivyo, amitriptilini huleta usingizi na ukavu wa kinywa, haiwafai baadhi ya wagonjwa wa moyo, na mhudumu wa bodaboda hapaswi kuianza bila kumweleza daktari kazi anayoifanya.

Yako pia maumivu ya saratani, ambayo hayahitaji umeme bali mofini ya kunywa. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba kati ya hospitali 250 hivi za umma nchini Kenya, 7 tu zilikuwa na mofini ya kunywa. Nchi jirani ya Uganda ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana: Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ikawa ya maji na ya bei ndogo, na kuanzia mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa waliruhusiwa kuiandika. Nakuru ina Nakuru Hospice, inayowahudumia wagonjwa wa aina hii, na familia isione haya kuifikia mapema badala ya kusubiri siku za mwisho.

Kwa atakayebaki na maumivu ya neva baada ya hayo yote, na akaambiwa na mtaalamu kwamba kifaa kinaweza kumfaa, yapo maswali ya kuuliza kabla ya kulipa. Je, maumivu yake yamethibitishwa kuwa ya neva, na kwa vipimo gani? Majaribio yatachukua siku ngapi, na yasipofaulu fedha zipi zitarudishwa? Ni nani Kenya atakayekirekebisha kifaa cha kampuni hiyo, na kwa ada gani? Betri inachajiwa au inabadilishwa, na baada ya muda gani? Kinaruhusu MRI ya mwili mzima? Bima, iwe ya binafsi au ile ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 1, 2024, itagharimia sehemu gani, na je, jibu hilo limeandikwa?

Akishapandikiziwa hupewa kadi yenye jina la kifaa na nambari yake. Kadi hiyo hutembea naye daima, kwa sababu mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege huweza kulia, na kwa sababu daktari atakayempokea baada ya ajali anapaswa kujua kilichomo mgongoni mwake kabla ya kumwingiza kwenye mashine yoyote.